Kurasa za Kisima Hazirukwi

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha kusoma kilikutana barazani kwa mwenzetu mmoja, watu saba na birika la chai ya tangawizi. Kitabu kilikuwa The Wind-Up Bird Chronicle, riwaya ya Mjapani Haruki Murakami, kwa Kiingereza cha mfasiri Jay Rubin, kurasa zaidi ya 600. Kijana aliyejiunga nasi mwezi huu akauliza kwa woga kama ataweza kukimaliza. Dada mmoja ninayemheshimu, aliyesoma vitabu vingi kuliko wengi wetu pale, akamjibu: "Utakimaliza, mdogo wangu. Zile habari za vita huko Manchuria ziruke tu. Hazihusiani na hadithi, hutapoteza kitu."

Nikasema, "Hapana, dada, hapo hapana." Sauti ilinitoka kali mno, baraza zima likanyamaza. Kwa ile sauti nimeshamwomba radhi. Kwa maneno yenyewe siombi, na nayaandika hapa kwa urefu kwa sababu pale barazani sikupata nafasi ya kuyamaliza.

Mwanzo wa kitabu kile haumpi mtu shida. Okada, ambaye hadithi ni yake, hana kazi, anachemsha tambi asubuhi, redio inapiga Rossini, simu inalia, na mwanamke asiyemjua anamwomba dakika kumi. Paka amepotea. Baadaye mke naye anaondoka. Wanakuja wageni wenye majina ya visiwa, Malta na Creta, na hakuna anayeshangaa sana. Mpaka hapo msomaji yuko radhi kwenda popote. Kisha anapiga hodi Luteni Mamiya, mzee mwenye mkono wa bandia, amesafiri kutoka Hiroshima hadi Tokyo kwa shughuli moja tu: kumkabidhi Okada kumbukumbu aliyoachiwa na marehemu Honda, aliyekuwa askari mwenzake. Anakaa, anaheshimu nyumba, anakunywa chai, anaanza kusimulia mwaka 1938, Wajapani walipokuwa wameishika Manchuria, kaskazini-mashariki ya China. Na hapo ndipo watu wanapoanza kufunua kurasa tano tano.

Wanachokiruka ni hiki. Wanaume wanne wanavuka mto Khalkha usiku, wanaingia upande wa Mongolia. Mmoja wao, Yamamoto, anakamatwa na kuchunwa ngozi akiwa hai, huku Mamiya akilazimishwa kutazama. Kisha Mamiya mwenyewe analazimishwa kuruka ndani ya kisima kikavu katikati ya nyika. Humo chini ni giza tupu, isipokuwa mara moja kwa siku, jua linapofika juu ya mdomo wa kisima, mwanga unashuka wote kwa pamoja kwa sekunde chache, kisha unaondoka. Mzee anamwambia Okada kwamba ndani ya mwanga ule alitamani kufa, na kwamba maisha yaliyofuata baada ya kuokolewa na Honda yalikuwa ganda lisilo na kitu ndani.

Anapomaliza anaaga, anapanda basi. Okada anafungua kifurushi. Ndani mna sanduku la pombe ya Cutty Sark, na ndani ya sanduku hamna kitu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka uani, nikasimama. Mtu mzima amesafiri nusu ya nchi kuleta sanduku tupu! Kumbe Honda alijua anachofanya. Urithi aliomwachia Okada ulikuwa ile hadithi, na njia pekee ya kuufikisha ilikuwa kumpa Mamiya kisingizio cha kukaa mbele ya mtu na kuitoa moyoni. Sasa niambieni, aliyeruka sura zile anapofika kwenye sanduku tupu anaona nini? Anaona sanduku tupu. Atasema Murakami anacheza na akili zetu, na atakuwa ameyasema hayo kwa haki kabisa, maana kile kilichokuwa ndani amekwisha kukiacha nyuma.

Halafu Okada anashuka kisimani. Kisima kikavu kwenye kiwanja cha nyumba isiyokaliwa, kwa ngazi ya kamba, anakaa chini gizani na kuwaza. Watu wengi kikundini walilalamikia sura hizi: kwa nini anashuka, mwandishi haelezi. Ameeleza! Mamiya amemweleza. Kisima cha Okada kilichimbwa na Mamiya. Na yule shemeji, Noboru Wataya, anayepanda kisiasa kila tukifungua ukurasa, jimbo lake la uchaguzi kalirithi kwa ami yake, na ami huyo alikuwa ofisa wa jeshi aliyeshughulika na mambo ya Manchuria. Vita ile haikuisha. Imevaa suti, iko kwenye televisheni ya Tokyo, inatabasamu. Ukiziondoa kurasa za Manchuria unabaki na mtu aliyekimbiwa na mke na shemeji asiyependeza, hadithi ambayo hata mtaani kwetu zipo tatu.

Nakiri jambo moja. Nakala yangu niliinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba pembezoni mwa barabara. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mistari kwa penseli, mistari mizuri iliyonyooka, na pembeni kaandika "kweli" mara mbili kwa herufi za kukimbiza. Penseli inakwenda naye mpaka usiku ule wa Yamamoto. Baada ya hapo hakuna alama hata moja mpaka jalada la nyuma. Nadhani alikifunga pale. Simlaumu. Kurasa zile zinatisha, mimi mwenyewe nilishindwa mara mbili kabla sijazipita. Mtu akisema moyo wangu hauwezi, namwelewa na namheshimu. Ninayempinga ni anayesema hazihusiani.

Labda nazipigania hivi kwa sababu ya mjomba wangu. Nyumbani kwetu, upande wa Pangani, tulikuwa na kisima uani, na kila kiangazi maji yalipopungua mjomba aliteremka kuchota tope. Walimfunga kamba kiunoni, ndoo ikawa inapanda na kushuka. Mwaka mmoja, nikiwa na miaka kama tisa, nilikaa pale nikasubiri mpaka wakamtoa. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, tope limemkaukia kwenye nyusi, akakishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikwa na baridi, na jua la saa saba liko juu yetu. Nikamuuliza, "Mjomba, chini kuna nini?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Unajisikia wewe tu, mjomba. Na mbingu inakuwa ndogo, kama kisahani." Hakuongeza. Alikuwa mtu wa maneno mengi sana, lakini siku hiyo hakusema tena mpaka magharibi.

Miaka yote hiyo sikujua niliweke wapi jibu lile. Nililikuta kwenye kitabu cha Mjapani, limekaa kurasa nyingi, halina haraka. Na kama lingekuwa ukurasa mmoja lisingenifikia, kwa sababu kukaa kisimani ni kukaa. Urefu wa sura zile ndio unaokushusha. Unachoka, unataka kutoka, huoni mwisho, na ghafla mwanga unakuja na kupita kabla hujaushika. Hilo haliwezi kufupishwa likabaki lilelile.

Na kumbe lilikwisha kufupishwa.

Hili ndilo lililoniuma zaidi, na dada yule hakulijua, hata mimi sikulijua mpaka nilipomaliza. Kwenye ukurasa wa hakimiliki, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kitabu kimetafsiriwa na pia kurekebishwa kutoka Kijapani. Nikaanza kutafuta maana ya hilo neno la pili. Kwa Kijapani riwaya hii ilitoka katika vitabu vitatu, viwili mwaka 1994 na cha tatu mwaka 1995. Ya Kiingereza ikatoka mwaka 1997, na mchapishaji wa Marekani alikuwa ameweka kikomo cha maneno. Yakatolewa karibu maneno 25,000. Kuna sura nzima hazimo, na nyingine zimehamishwa mahali pake. Maneno 25,000 ni kitabu kizima chembamba. Nilikaa na riwaya ile wiki saba, nikaifunga usiku wa manane nikisema nimeimaliza, na nilikuwa sijaimaliza, kwa sababu kuna mtu aliyeniamulia, miaka mingi kabla sijakinunua, kwamba nitachoka.

Haki ya Rubin nitaitoa, ingawa kwa shingo upande. Aliitafsiri riwaya yote, akawapelekea nakala kamili pamoja na ile fupi aliyoikata mwenyewe, akihofia kwamba wakiachiwa wengine mkasi wataharibu zaidi. Wao wakachapa fupi. Mwandishi naye aliridhia. Kiingereza chake ni kizuri, kinatembea, sikukwama hata mara moja kwa sababu ya lugha. Yote hayo ni kweli na bado kurasa zangu sina.

Angalieni lilivyosafiri kosa hilo. Wajerumani walipoipata riwaya mwaka 1998, waliipata kutoka kwenye Kiingereza kilekile, pamoja na mapengo yake. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 2020 ndipo Ursula Gräfe alipowatolea tafsiri mpya, moja kwa moja kutoka Kijapani. Miaka 22. Lakini waliipata.

Mengine yanayosemwa juu ya kitabu hiki sina ugomvi nayo. Kwamba wanawake wake wengi wanaingia, wanamweleza Okada siri zao, wanatoweka, ni kweli, na Kumiko, mke wa Okada, alistahili kusema kwa kinywa chake mapema kuliko vile. Kwamba maswali mengine hayajibiwi mpaka mwisho, ni kweli pia, na mimi halinisumbui.

Kinachonisumbua ni sisi. Tunakisoma kwa lugha ya pili kitabu kilichokatwa katika lugha ya pili, na huku nasoma kichwa changu kinakigeuza Kiswahili chenyewe, na kila mara naona Kiswahili kina mahali tayari. Yule ndege wa kwenye jina la kitabu, Wind-Up Bird, kwa mfano. Saa ya ukutani ya baba ilitiwa ufunguo kila Ijumaa baada ya sala, na sauti yake, ile krrr krrr ya kukaza, ndiyo sauti ya ndege wa Okada anayeikaza springi ya dunia kila asubuhi. Ndege Mtia Ufunguo. Na ule mwisho wa jina, Chronicle, ambao Wajapani wenyewe wameukopa wakausema kuronikuru, sisi hatuna haja ya kuukopa. Wazee wa pwani walipoandika mambo ya mji wao waliandika Khabari za Pate. Basi Khabari za Ndege Mtia Ufunguo.

May Kasahara, binti wa miaka 16, anamwita Okada kwa jina la ndege huyo na heshima ya Kijapani mkiani. Kiingereza kimeweza kumpa "Mr." tu. Kwetu binti wa jirani angemwita Kaka Ndege, nusu utani nusu adabu, na kila msomaji angejua mara moja wanakaa vipi wale wawili.

Na barua za Mamiya! Barua za mzee yule, zilizonyooka, zenye kuomba radhi kabla ya kusema lolote, nani anazijua kuliko sisi tuliofundishwa kuandika "ama baada ya salamu" na "nia na madhumuni ya barua hii"? Babu zetu waliopigana Burma katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliandika hivyohivyo, na wao pia walinyamaza juu ya mengi waliyoyaona. Mamiya angeingia katika Kiswahili akakuta kiti chake kimetandikwa.

Wanaoweza kuifanya kazi hii wapo. Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Osaka, na Redio Japani inatangaza kwa Kiswahili tangu enzi za wazazi wetu. Najua si kazi ya siku moja. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa ndege wa Murakami, na tuliipata kwa Kiswahili kama Peponi mwaka 2022, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, baada ya Nobeli kuja kwanza. Kama mtoto wa nyumbani alingoja hivyo, mgeni atangoja. Ila siku atakapokuja, namwomba yeyote atakayeshika kalamu: aje mzima, na visima vyake vyote.

Jumamosi hii nampelekea dada yule nakala yangu. Nimeweka kipande cha karatasi pale Mamiya anapopiga hodi, na kingine pale Okada anapofungua sanduku. Nitamwomba asome kati ya karatasi hizo mbili tu, taratibu, kisha turudi barazani tuzungumze. Penseli nimeiacha ndani. Mistari ya yule wa kwanza iliishia usiku wa Yamamoto, yangu inaanzia hapo, na pembeni kuna nafasi ya mtu wa tatu.