Gunia la maharage au kilo moja moja: akiba hasa iko wapi?

Ukisema unataka kubana matumizi bila kula ovyo, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: acha kupimiwa robo kilo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, nunua gunia. Kwa maharage ushauri huo una ukweli ndani yake, ila umeruka ngazi ya katikati. Sehemu kubwa ya akiba unaipata ukitoka kwenye robo kwenda kwenye kilo. Ukitoka kwenye kilo kwenda kwenye gunia, kinachoongezeka ni kidogo, na katika jiji la joto na unyevu kama Dar es Salaam kinaweza kuliwa chote na fukusi.

Tuchukue bei za mfano. Robo kilo ni shilingi 1,000, maana yake kilo unainunua kwa 4,000. Kilo nzima ni 3,200. Gunia la kilo 50 sokoni Tandale linakuja kwa 2,700 kila kilo, jumla 135,000. Anayehama kutoka robo kwenda kilo anaokoa 800 kwa kila kilo. Anayehama kutoka kilo kwenda gunia anaokoa 500. Kwa kilo 50 hiyo ni 25,000. Toa bajaji 8,000, mfuko wa kuhifadhia 5,000, na kilo 2 za mawe, maganda na punje mbovu, ambazo ni 5,400. Mkononi inabaki 6,600. Kaya ya watu watano ikipika nusu kilo mara nne kwa wiki, gunia hilo ni la wiki 25. Kwa hiyo 135,000 imelala ndani karibu miezi sita ili izae 6,600, na katika miezi hiyo kuna kodi, ada na homa za watoto.

Wanaotetea gunia wana jibu, na ni jibu zito: bei haikai mahali pamoja. Mzigo wa Mbeya na Rukwa ukiingia baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, maharage hushuka, kisha hupanda kadiri msimu unavyosogea. Kama ile kilo ya 3,200 itafika 3,800 mwishoni mwa mwaka, aliyeweka gunia amefanya la maana. Tena nyumba yenye maharage stoo haikimbilii chipsi kila jioni, na faida hiyo haionekani kwenye hesabu ya kilo. Lakini hoja yote hii inasimama juu ya sharti moja: yale maharage yafike huo mwisho wa mwaka yakiwa mazima.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Fukusi wa maharage haji kutoka stoo yako peke yake. Mara nyingi mayai yameshaingia tangu shambani. Kwenye joto la pwani kizazi kimoja hukamilika kwa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo gunia lililoonekana safi siku ya kwanza linaanza kutoa unga na matundu ya duara ndani ya miezi miwili. Dawa ya uhakika jikoni ni kuwanyima hewa. Mifuko ya tabaka tatu, ile yenye mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba, inafanya kazi hiyo: wadudu wanamaliza oksijeni iliyobaki, wanaacha kula, wanakufa. Kila mfuko wa ndani ukamuliwe hewa, usokotwe shingo, ukunjwe na ufungwe peke yake. Kosa la kawaida ni kuufungua kila wiki kuchota kilo 2, kwa sababu kila ukifungua unawaingizia hewa upya. Afadhali ugawe mzigo kwenye madumu makavu ya lita 5 yenye vifuniko vya kukaza, ujaze hadi mdomoni, na ufungue moja moja.

Kabla ya kufunga, pima unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Yarudishe juani, la sivyo yataota ukungu humohumo.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Maharage yaliyokaa miezi kwenye joto na unyevu huwa magumu, na muda wa kuiva unaweza kuongezeka maradufu. Ukipikia mkaa, ile 6,600 inaishia jikoni. Kuyaloweka saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye chumvi kidogo hulainisha ganda. Magadi hulainisha haraka zaidi, ila huharibu vitamini B1, na kwa mlo unaotegemea maharage hiyo si hasara ndogo.

Na anayenunua robo asidharauliwe. Anayelipwa kwa siku hana 135,000 ya kulaza. Hata kiafya ana nafasi nzuri: leo choroko, kesho kunde, keshokutwa mbaazi, mradi abakize hela ya mchicha na limau, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume.

Kwa kaya nyingi za mjini ninaona njia bora ni majirani watano kuchanga gunia la kilo 100. Kila mmoja anapata kilo 20, wiki kumi kwa kaya ile ya mfano, kwa bei ya gunia na bila stoo ya nusu mwaka. Mgawanyo ufanywe kwa mizani, si kwa sado: sado hupima ujazo, na punje ndogo hujaa tofauti na punje kubwa.

Unga wa dona usiuingize kwenye mpango huu. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo dona huchacha mapema. Nunua wa wiki mbili au tatu. Mahindi ya kuweka yanahitaji uangalifu kuliko maharage kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe, wala wasipewe kuku.