Kama unaahirisha chuo, ahirisha kwa ajili ya makaratasi, usiahirishe kwa ajili ya mwili

Kila KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, wakitoa majina ya walioitwa vyuo, kuna vijana wa trans (watu ambao jinsia waliyoandikwa wakizaliwa siyo ile wanayojijua) huniuliza swali lile lile, niripoti mwaka huu ama nikae home mwaka mmoja kwanza nibadilike ndio niende? Mimi ni mwanaume wa trans, chuo nilishamaliza, na jibu langu halijawahi kubadilika. Kama unangojea mwili, nenda shule. Kama unangojea makaratasi, hapo tukae tuongee.

Mwili haumalizi kubadilika kwa mwaka. Ukianza testosteroni, homoni ya kiume, leo sauti itaanza kushuka ndani ya mwaka wa kwanza lakini kutulia inaweza kufika miaka 2, na ndevu usiseme, hizo zinaweza kuchukua miaka 4 au 5 kujaa. Dada zetu wa trans wanaotumia estrojeni, homoni ya kike, nao matiti huanza baada ya miezi 3 hadi 6 na yanaendelea tu mpaka mwaka wa pili, wa tatu, na sauti iliyokwisha kuvunjika haitarudi kwa dawa. Kwa hivyo ule mtu mpya unayetaka aingie chuo bila yeyote kujua chochote, hata ungoje mwaka mzima bado utaingia ukiwa katikati ya safari. Na huo mwaka utaukaa wapi? Ushago, shangazi akiuliza kila wiki mbona wenzako wameenda, na hakuna hata mtu mmoja anayekuita kwa jina lako. Chuo angalau kuna maelfu ya watu ambao hawakukujua ukiwa mtoto.

Sasa makaratasi. Jina la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndilo linaloandikwa kwa barua ya kuitwa, na ukishasajiliwa linazaana: portal, email ya chuo, kadi ya mwanafunzi yenye picha uliyopigwa wiki ya kwanza, kadi ya mtihani, HELB (mkopo wa serikali wa wanafunzi) ambayo lazima ilingane na kitambulisho, na mwisho wa yote digrii yenyewe. Darasani unaweza kupona, lecturer wengi hupitisha tu karatasi unasaini kando ya namba yako, hakuna anayesoma jina kwa sauti. Lakini chumba cha mtihani ni kitu kingine. Msimamizi anapita meza kwa meza, anaokota kadi, anaangalia picha, anakuangalia wewe, anarudi kwa picha, na saa inaenda na wewe bado uko swali la kwanza. Mara mbili kwa mwaka, miaka minne.

Na haliishii chuoni. Audrey Mbugua, mwanamke wa trans, alifanya KCSE 2001, akasoma mpaka akamaliza Chuo Kikuu cha Maseno, halafu vyeti vikawa ndio ukuta kati yake na kazi. Ilibidi apeleke KNEC, baraza la mitihani, kortini na ni mpaka Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alipoamuru apewe cheti kingine chenye jina lake na bila alama ya jinsia. Huyo mama alipigana kwa niaba ya wengi wetu, lakini angalia hiyo miaka!

Ndio maana nasema kama umefika 18 na unaweza kupata wakili, kubadilisha jina kabla ya kusajiliwa ni sababu halali kabisa ya kungoja. Hati ya kubadilisha jina inaandikwa, inasajiliwa, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, halafu ndio unaenda kwa kitambulisho. Alama ya jinsia kwenye kitambulisho ni vita vingine, hiyo usiifanye sharti la kusoma.

Sababu nyingine ninayoiheshimu ni hosteli. Vyumba vinagawanywa kwa wavulana na wasichana, na kama huwezi kulala salama upande wowote itabidi upange nje, na bedsitter si bei ya hosteli. Mtu akiniambia anafanya kazi mwaka mmoja akusanye rent, namwambia fanya hivyo.

Kile sikubali ni wazazi kusema kaa nyumbani mpaka hii kitu iishe. Haiishi, mama. Mtoto wako anakuwa mtu mzima asiye na shule, ni hivyo tu.

Na ukiamua kungoja, tafadhali usinyamaze ukadhani nafasi itakaa inakungoja. Kubali nafasi, andikia chuo barua ya kuahirisha kabla ya tarehe ya kuripoti, na kama una barua ya daktari iambatanishe. Si lazima ieleze kila kitu kuhusu mwili wako, inatosha kusema uko kwenye matibabu. Hakikisha wamekujibu kwa maandishi, na nakala yenye muhuri weka mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani ataichana.