Menyu Naisoma Kwenye Sinki

Mtaani kwetu Pipeline, hapa Nakuru, watu wananiogopa bure. Jirani alimuuliza mama watoto mume wake anafanya kazi gani kule kambini, akajibiwa, "Mambo ya mabomba." Jirani akasikia mabomu. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayepiga mpira kwenye ukuta wangu, na mwenye nyumba akija kudai kodi anabisha hodi kwa kidole kimoja. Sijamsahihisha mtu. Kodi yenyewe nimechelewa.

Mimi ni fundi wa mabomba tu. Sinki, choo, mfereji, tangi. Kambi siitaji, maana nilitia sahihi karatasi kwamba siri za ndani zitabaki ndani. Siri ninazozijua ni choo gani kinagoma kushusha maji, lakini karatasi ni karatasi.

Sasa sikilizeni. Jeshini kila mtu ana mahali pake pa kulia. Maofisa wana mesi yao, masajenti yao, makoplo yao, na wale vijana wa chini kabisa wana yao. Mimi naitwa "wewe raia!", utadhani nje ya geti hakuna raia wengine. Na raia hana mesi. Raia ana mti wa jakaranda, chini ya mti kuna jiwe, na jiwe ndilo meza, ndilo kiti, ndilo mesi.

Lakini msidhani sijui wanakula nini. Mpishi anaona kinachoingia mdomoni, mimi naona kilichobaki kwenye bomba. Sinki la maofisa likiziba, natoa mifupa ya kuku na mafuta yaliyoganda meupe kama mshumaa. La masajenti lina kabichi, na siku nyingine kipande cha nyama ya ng'ombe kilichomshinda mtu mwenye meno yake yote. La vijana ni maharagwe na wali ulioshikana kama simiti. Leo maharagwe, kesho maharagwe. Basi utanikuta nimepiga magoti saa sita mchana, spana mkononi, nameza mate juu ya maji machafu. Mtu mzima, jamani, mwenye watoto watatu.

Miezi ya kwanza kuna sajenti alinihurumia. "Fundi, kesho ule na sisi. Chakula ni saa kumi na tatu." Asubuhi sikunywa hata chai, niache nafasi. Nikafika saa kumi na dakika tatu, mikono nimeosha mpaka kwenye kiwiko. Mesi imeshapigwa deki, viti vimepinduliwa juu ya meza. Kumbe saa za hawa wenzetu haziishii kumi na mbili! Kumi na tatu yao ndiyo saa saba yetu ya mchana. Sajenti akaangalia saa yake, akaniangalia mimi. "Raia, umechelewa saa tatu na dakika tatu."

Siku hizi hata mwaliko kama ule hauna maana. Wenye payslip mnaijua PAYE, ile ya kukatwa kadiri unavyopata. Mimi nakatwa hiyo, nakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, nakatwa asilimia 1.5 ya nyumba ambayo sijaiona hata msingi. Basi tangu Julai 1, 2025, ruzuku ya chakula cha mchana ikaondolewa jeshini, ikaja PAYE nyingine: kulipa kadiri unavyokula. Afande mwenye nyota begani analipia sahani yake, sasa raia wa chini ya mti atamwomba nani?

Kwa hiyo nabeba omena, wale dagaa wadogo. Mama watoto anazikaanga usiku na nyanya, anafunga kwenye mkebe pamoja na ugali. Shida ni getini.

"Fungua mkebe."

Nafungua. Kijana wa zamu anarudi nyuma hatua mbili, huyo aliyefundishwa kutorudi nyuma.

"Hizi ni nini?"

"Omena, afande."

"Ngapi?"

Nilidhani ni mzaha. Kalamu ilikuwa juu ya daftari, inangoja. Nikasema mkebe mmoja, akaandika "omena, mkebe 1". Jioni natoka, akafungua tena mkebe. Mtupu.

"Uliingia na omena. Ziko wapi?"

"Tumboni, afande."

Akafikiri, akaandika.

Halafu kuna bendera. Inaposhushwa jioni, kila mtu anasimama wima hapo alipo, hata raia. Mara moja ilinikuta nimefungua bomba la nyuma ya mesi, maji yananipiga usoni, mkono mmoja ubavuni, mwingine umeshika ule mpira wa kuzibulia choo. Sikupepesa. Afande mmoja aliniambia baadaye nina nidhamu.

Ijumaa iliyopita sinki la maofisa lilifurika kabla ya wageni kufika. Nililizibua kwa dakika kumi, na mpishi, Mungu ambariki, akanifungia paja zima la kuku kwenye foili. Nikaliweka kwenye mkebe wa omena, natembea polepole kama nimebeba yai. Getini, kijana yuleyule. Akasoma daftari, akafungua mkebe, akasoma daftari tena.

"Fundi, asubuhi uliingia na omena."

"Ndiyo, afande."

"Sasa imeota mguu?"

Kitu ambacho hakikuandikwa kuingia hakiwezi kutoka. Nikamwuliza, na kikiwa tumboni? Akasema tumbo halikaguliwi. Basi nikalila palepale getini, nimesimama, yeye ameshika kalamu, foleni ya mafundi nyuma yangu inahesabu kila ninavyotafuna.

Nimefika nyumbani, mama watoto akanusa shati, akanusa mkebe. Hakusema neno. Akanipakulia omena.