Gimba linalozunguka huru: turushe kwanza au tukokotoe kwanza?

Mwanafunzi wa Dodoma anayeingia chuo kikuu akitoka kidato cha 6 analijua gurudumu vizuri: mhimili mmoja usiohama, momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kukizungusha kitu) ambayo ni namba moja tu. Akikutana na gimba gumu linalozunguka huru, namba ile inakuwa jedwali la namba 9. Hapo ndipo walimu hutofautiana: wapo wanaoanza na milinganyo ya Euler (hesabu za mwendo wa gimba linalozunguka), wapo wanaoanza kwa kurusha kitu.

Mimi naanza na kurusha. Chukua kaunta buku yenye urefu wa sentimita 25, upana 18 na unene 3, ifunge kwa rababendi isifunguke. Kaa ndani, maana upepo wa kiangazi wa hapa kwetu utakuharibia. Izungushe kwa mhimili wa urefu, inatulia. Kwa mhimili wa unene, inatulia pia. Kwa mhimili wa upana inapinduka: mgongo uliokuwa kushoto mara nyingi unaudaka ukiwa kulia. Mwanafunzi akishaona hivyo, atadai sababu mwenyewe.

Sababu iko kwenye hesabu. Kwa kila mhimili, jumlisha miraba ya vipimo viwili vingine: kwa mpangilio uleule, momenti za mihimili hiyo mitatu zina uwiano wa 333, 949 na 634. Ule wa upana ndio wa kati. Toa kwake kila moja ya zile mbili: 301 na hasi 315. Zidisha, jibu ni hasi, na mtikisiko mdogo unakua. Kwa mihimili mingine jibu ni chanya. Mtikisiko unabaki mdogo.

Hata hivyo, wanaotanguliza hesabu wana hoja nzito, na inaitwa Explorer 1. Setilaiti hiyo ya Marekani ya mwaka 1958 ilizungushwa kwa mhimili wake wa urefu, wenye momenti ndogo kuliko yote. Kaunta buku ingesema ni salama. Ndani ya saa chache ilikuwa inabingirika, kwa sababu antena zake laini zilikuwa zikipoteza nishati huku momenta ya mzunguko (kiasi cha mwendo wa kuzunguka) ikibaki ileile. Kwa momenta hiyohiyo, nishati ndogo kabisa iko kwenye mhimili wenye momenti kubwa, na gimba huelekea huko. Kitu kinachokaa hewani sekunde moja hakiwezi kukuonyesha hilo.

Lakini milinganyo ya Euler peke yake nayo isingeonyesha, kwa kuwa inachukulia gimba halipindi hata kidogo. Ndiyo maana nataka Explorer 1 ifundishwe wiki ileile ya kurusha, isisubiri mwaka wa mwisho.