Bima ya mpangaji: sharti la haki, likiandikwa sawasawa

Maji yamepotea tangu juzi. Mpangaji wa ghorofa ya tatu mtaa wa Tudor, Mombasa, anafungua bomba, halitoi kitu, anatoka na kulisahau wazi. Saa nane usiku maji yanarudi. Kufikia alfajiri dari ya jirani wa chini imelowa na makochi yake yameharibika. Nani alipe?

Hapo mwenye nyumba anayedai bima kwenye mkataba ana hoja. Sheria ya Kenya haimlazimishi mpangaji kukata bima, ila bima ya mwenye nyumba hulinda jengo, si vyombo vya mpangaji. Tena kampuni ikishalipa hasara, ina haki ya kumgeukia aliyeisababisha. Mpira wa gesi uliochakaa unaweza kumletea mpangaji deni la jiko zima, na amana ya mwezi mmoja haifui dafu.

Tatizo ni jinsi sharti linavyoandikwa. "Mpangaji awe na bima ya vyombo" haimsaidii jirani hata kidogo, kwa kuwa bima hiyo hulipa vyombo vya mpangaji tu. Kinachohitajika ni kipengele cha dhima kwa watu wengine, yaani kinacholipa hasara uliyowasababishia. Hata hicho, soma maandishi madogo: bima nyingi huondoa mali iliyo mikononi mwa mwenye bima, yaani nyumba yenyewe aliyopanga. Omba kwa maandishi hasara ya moto na maji kwa nyumba hiyo iingizwe.

Kwa vyombo, usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Vyombo vya Sh600,000 ukivikatia bima ya Sh300,000, hasara ya Sh100,000 italipwa nusu tu, Sh50,000, kwa kuwa ulikata bima ya nusu ya thamani, kisha wakate kiasi unachobeba mwenyewe. Na kwa kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, usipolipa ada ya bima kwanza, huna bima.

Upande wa pili nao una uzito. Kwa mwenye chumba kimoja Kisauni, sharti hili ni kodi juu ya kodi. Nyaya kuukuu ukutani ni jukumu la mwenye nyumba. Asimtwike mpangaji hatari aliyoshindwa kurekebisha. Kumlazimisha anunue kwa wakala mmoja tu si haki kabisa. Na Mombasa wako wengi wanaoepuka bima ya kawaida kwa sababu ya riba na gharar (mashaka yaliyozidi katika mkataba), hivyo mkataba utaje wazi kuwa takaful, bima inayofuata sharia ya Kiislamu, inakubalika.

Kabla ya kutia saini, mpangaji aombe kuona bima ya jengo na apige picha dari, mabomba na soketi, siku ile ile anayokabidhiwa funguo.