Hekalu Wanalolichukia Wote Ndilo Moyo wa Phantom Hourglass

Mashabiki wa The Legend of Zelda, mfululizo wa gemu za Nintendo, hubishana juu ya kila kitu, lakini ukiitaja Phantom Hourglass, mojawapo ya gemu hizo, wengi wao watakujibu kwa lalamiko lile lile: hekalu. Watakwambia gemu ilikuwa nzuri, bahari ilipendeza, nahodha alichekesha, ila hekalu lile liliwatoa roho. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ya mkononi inayokunjwa yenye skrini mbili, na ikauza zaidi ya nakala milioni 4, kwa hiyo waliolipitia hilo hekalu si haba. Mimi nasimama upande wa hekalu, na ningependa kueleza sababu.

Kwa asiyeijua, hadithi inaanza pale The Wind Waker, gemu ya awali katika mfululizo huo, ilipoishia. Tetra, nahodha wa maharamia, anatekwa ndani ya meli ya mizimu, rafiki yake Link, ambaye ndiye unayemwongoza, anazinduka ufukweni kwenye kisiwa kigeni, na safari ya kumtafuta inampeleka kwenye Hekalu la Mfalme wa Bahari. Jengo hilo linashuka chini ya ardhi, ghorofa baada ya ghorofa, na limelaaniwa: ukitembea humo bila kinga, uhai unakutoka kidogo kidogo hadi ufe. Kinga pekee ni saa ya mchanga. Mwanzoni ina mchanga wa dakika 10, na kadiri unavyoshinda mabosi, yaani maadui wakuu, katika mahekalu mengine ndivyo unavyoongezewa.

Humo ndani wanazunguka walinzi waitwao Phantom, majitu yaliyovaa chuma mwili mzima, upanga wako hauwafanyi kitu. Wakikuona wanakufukuza. Wakikupata, pigo moja tu linakurudisha mwanzo wa ghorofa na mchanga unapungua. Pa kupumulia ni vile vipande vya sakafu vinavyong'aa, ambako hawakuoni na mchanga unasimama. Basi unakaa hapo ukiangalia juu ya ramani alama ya mlinzi ikipita, unahesabu hatua zake, kisha unachomoka.

Kero ya wachezaji ni kwamba hekalu hili halimalizwi mara moja. Unashuka hadi mahali fulani, unapata ramani ya sehemu mpya ya bahari, unaondoka, unakwenda kumpiga bosi mwingine, halafu unarudi. Na ukirudi, sehemu kubwa ya ghorofa zile unazipita tena. Ndiyo, baadaye kuna njia ya mkato inayokufikisha katikati, lakini kurudia kupo. Mtu anauliza: fumbo hili nimeshalifumbua, kwa nini nilifumbue tena? Swali hilo ni la haki, hasa kwa gemu ya mkononi ambayo watu huicheza kwa vipande vya muda.

Ila wengi wanaouliza hivyo walirudi hekaluni wakapita njia ile ile waliyopita mwanzo. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Hekalu halikutengenezwa lipitwe hivyo. Ukirudi ukiwa na mabomu, kuna ukuta uliokuwa unauzunguka ambao sasa unautoboa. Ukirudi na upinde, swichi iliyokuwa ng'ambo unaipiga mshale kutoka pale uliposimama. Kamba ya ndoano inakuvusha shimo lililokuwa linakulazimisha upite mbele ya macho ya mlinzi. Ghorofa iliyokula dakika mbili nzima inaisha kwa nusu dakika, na dakika ulizookoa ndizo zitakazokufikisha chini zaidi. Gemu nyingi za aina hii hukupa kifaa kipya, ukakitumia katika hekalu moja, kisha kikasahaulika mfukoni. Hapa kila kifaa kina thamani unayoiona kwa macho yako kwenye saa.

Halafu kuna kalamu ya kugusia skrini. Phantom Hourglass inakuruhusu kuandika juu ya ramani, na hakuna mahali ambapo ruhusa hiyo ina maana kama hekaluni. Ramani zangu zilijaa mishale ya mizunguko ya walinzi, alama za masanduku niliyoshindwa kuyafikia, tarakimu za mpangilio wa swichi. Niliporudi, niliyakuta maandishi yangu mwenyewe yakinisubiri, na kila alama ilikuwa sekunde kadhaa nilizojiwekea akiba. Anayelidharau hekalu mara nyingi hakuandika chochote, akategemea kumbukumbu, mchanga ukamwishia.

Na malipo yake yanakuja. Karibu na mwisho, baada ya kukusanya metali tatu na kumpelekea mfua vyuma Zauz, unapata upanga unaoweza kuwaangusha Phantom ukiwapiga kwa nyuma. Wale waliokufukuza gemu nzima sasa unawanyatia wewe. Mtengenezaji hawezi kukupa furaha hiyo bila kwanza kukufanya uwaogope, tena mahali pale pale, katika korido zile zile. Ukiondoa kurudiarudia, umeiondoa na furaha hiyo.

Kuhusu kuendesha kila kitu kwa kalamu, mabishano nayaona yamezidi. Link anafuata ncha ya kalamu. Ukigusa adui anamshambulia, ukichora duara kumzunguka Link mwenyewe anapiga upanga wa kuzunguka. Vitufe vya mishale havimtembezi kabisa, na kwa waliozoea vitufe hilo liliwauma. Lakini mpe mtu bumerangi ile, aichoree njia inayokata kona na kugonga swichi mbili kwa mpigo mmoja, kisha mwulize kama bado anavitaka vitufe. Tatizo la kweli ni mkono wako kuziba skrini, na kujiviringisha, ambako mara nyingi hutokea usipotaka na kukataa unapotaka.

Fumbo la muhuri nalo sina budi kuligusa. Skrini moja ina muhuri, nyingine ina ramani ya bahari, na unaambiwa uugandamize muhuri juu ya ramani. Wengi waligusa, wakasugua, wakapuliza maikrofoni. Jibu ni kuifunga DS yenyewe, skrini zikalaliana, kisha kuifungua. Wako wanaoliita fumbo la hila. Mimi naliona ni fumbo linalokitumia chombo kwa namna ambayo hakuna chombo kingine kingeweza. Hata Nintendo 2DS ya mwaka 2013, isiyokunjwa, ilibidi itegemee swichi yake ya kuilaza.

Kama kuna kitu cha kulaumiwa, ni bahari. Unachora mstari, meli ya nahodha Linebeck inaufuata, na wewe kazi yako ni kufyatua mizinga kila adui anapoibuka. Mara za kwanza inafurahisha, baadaye ni kusubiri. Mahekalu mengine nayo ni mepesi mno. Linebeck ndiye anayeokoa safari: mwoga, mpenda hazina, mwingi wa visingizio, na taratibu anageuka kuwa mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote humo. Alipopewa nafasi ya kuomba chochote mwishoni na akaacha hazina akaomba meli yake, nilifurahi kweli.

Malalamiko yalisikika. Spirit Tracks, gemu iliyoifuata mwaka 2009, ina mnara badala ya hekalu: hakuna mchanga, ghorofa ulizopita huzirudii, na binti mfalme Zelda mwenyewe anaingia ndani ya chuma cha Phantom akawa mwenzako. Wachezaji wengi waliusifu mnara huo, na kumwongoza Zelda ni wazo zuri sana. Lakini katika mnara ule hakuna siku niliyojiona nimekuwa mjuzi wa mahali. Nilipita, nikamaliza, nikaendelea.

Ikitokea siku wakaitengeneza upya Phantom Hourglass, wampe anayependa vitufe vitufe vyake, waifupishe safari ya baharini, waongeze ugumu wa mahekalu madogo. Hekalu la Mfalme wa Bahari waliache na mchanga wake, na ramani waiache iandikike.