Kenya 2024: Bei zilitulia, mshahara ukakatwa

Takwimu za bei za Kenya kwa mwaka 2024 zinapendeza kuzitazama. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, ulianza kwa asilimia 6.9 mwezi Januari, ukateremka hadi 2.7 Oktoba na kufunga mwaka ukiwa 3.0. Serikali ilijipigia makofi. Raia wengi wakauliza: nafuu hiyo iko wapi?

Upande wa serikali una hoja nzito. Januari dola ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na kila mtu alikuwa na wasiwasi na deni la Eurobond (hati ya mkopo iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje) la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 ili ianze kulilipa mapema. Hofu ikapungua, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130. Kwa kuwa mafuta huagizwa kwa dola, lita ya petroli Nairobi ikatoka shilingi 207.36 katikati ya Januari hadi 176.29 katikati ya Desemba. Unga nao ulishuka sana ukilinganishwa na 2022, pakiti ya kilo mbili ilipopita shilingi 200. Chakula ni karibu theluthi ya kapu linalotumiwa kupima mfumuko, hivyo unga ukilegea, kapu zima linalegea. Ila tusiipe Hazina ya Kitaifa sifa zote. Mahindi ya unga huo hutegemea mvua, na mvua haipitishwi na bunge.

Sasa tumsikilize raia. Mfumuko ukishuka, bei huendelea kupanda, ila polepole. Desemba 2022 ulikuwa 9.1, Desemba 2023 ukawa 6.6, kisha hiyo 3.0. Ukizipanga moja juu ya nyingine, bidhaa za shilingi 1,000 mwishoni mwa 2021 zilikuwa zinakaribia 1,200 mwishoni mwa 2024. Aliyebaki na mshahara uleule hakupata nafuu yoyote. Alipunguziwa tu kasi ya kuumia.

Na mshahara wenyewe haukubaki uleule. Chukua mwajiriwa wa shilingi 100,000. Februari makato yake ya NSSF, mfuko wa pensheni, yalitoka 1,080 hadi 2,160. Machi sheria mpya ikarudisha ushuru wa nyumba, 1,500 kwa mwezi, baada ya mahakama kuupinga ule wa awali. Oktoba bima ya afya ikapanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Hakuna hata shilingi moja ya makato hayo inayoonekana kwenye mfumuko, kwa sababu kipimo hicho huhesabu bei za dukani, si kinachokatwa kabla hujafika dukani. Juni, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya, mfumuko ulikuwa 4.6 tu. Hasira yao ilikuwa ya kodi, na waliokuwa wakiwajibu kwa takwimu za bei walikuwa wanajibu swali jingine.

Kuna jambo moja lisilosemwa sana. Benki Kuu hulenga mfumuko wa kati ya asilimia 2.5 na 7.5, kwa hiyo 2.7 ni karibu kugusa sakafu. Bei zinaweza kutulia kwa sababu bidhaa ni tele, na zinaweza pia kutulia kwa sababu wanunuzi wameishiwa. Nadhani 2024 yote mawili yalichangia: mwishoni mwa mwaka mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa inapungua badala ya kukua. Benki Kuu ilianza kushusha riba yake Agosti, kutoka asilimia 13 hadi 11.25 kufikia Desemba, lakini benki za biashara zilijikokota kuwashushia wateja wao.